Tulipokwama Tiwi

Mvua za vuli zinapoanza hapa Tanga, redio ikatangaza daraja lililokatika au basi lililosombwa, mimi hukumbuka Alhamisi moja ya Desemba 1996, katika nchi ambayo watu wengi hudhani haijui mafuriko. Nilikuwa na miaka 34, mwalimu wa Historia wa sekondari. Sasa nimestaafu. Baadhi ya watu nitakaowataja wameshatangulia mbele ya haki, na kwa mmoja wao nina deni ambalo sikulilipa akiwa hai.

Tulikuwa Muscat, mimi na mke wangu, kwa likizo ya wiki tatu. Tiketi alizituma shangazi yangu, dada wa baba. Shangazi alizaliwa Pangani, akaolewa Unguja, akaondoka Unguja mwaka 1964. Alihangaika miaka kadhaa kabla ya kufika Oman. Yeye na mumewe walipokelewa huko baada ya 1970, Sultan Qaboos alipotwaa madaraka na kuwaita Waoman waliokuwa nje warudi kujenga nchi. Nyumba yake ilikuwa Al Khuwair. Pale mtaani ungeweza kukaa kutwa nzima usiseme Kiarabu ila salamu. Jirani wa kulia, jirani wa kushoto, fundi cherehani wa pembeni, wote Kiswahili cha Unguja, tena kile cha zamani ambacho hapa kwetu nilikuwa nakisikia kwa bibi yangu tu.

Shangazi alikuwa na wifi yake huko Sur, dada wa marehemu mumewe, mtu mzima aliyekuwa hatoki kitandani. Walikuwa hawajaonana miaka miwili. Ikapangwa kwamba Alhamisi, ambayo enzi zile ndiyo ilikuwa mwanzo wa mapumziko ya wiki Oman, binamu yangu atatupeleka Sur kumjulia hali na kutembea, turudi usiku. Binamu alikuwa mtumishi wa hospitali. Alfajiri ile simu ikalia, akaitwa kazini. Shangazi alikuwa ameshavaa buibui lake, kapu la zawadi liko mlangoni. Binamu akamtazama mama yake, akanitazama mimi, akaninyooshea ufunguo wa gari. Nilikuwa na leseni ya kimataifa, na siku mbili tatu nilishazunguka na gari lile mjini yeye akiwa pembeni.

"Chukua njia ya Ibra," aliniambia. "Ni ndefu, lakini lami tupu mpaka Sur. Ya pwani usiiguse, hujapita na mwenyeji. Na ukiona wingu limekaa juu ya milima, wadi usiikaribie, hata kama ulipo wewe kuna jua."

Nikasema inshaallah. Nilisema inshaallah huku najua nitapita ya pwani.

Lazima nieleze hizo njia. Ya ndani ilitoka Muscat ikapita Bidbid, Ibra na Al Kamil kabla ya kushuka Sur, zaidi ya kilomita 300. Ya pwani ilikuwa na lami hadi Qurayyat tu, kilomita themanini na kitu. Kutoka hapo ilikuwa njia ya mawe na changarawe, milima ya Hajar kulia na bahari kushoto, ikikatiza midomo ya wadi, yale makorongo makavu ya kule, moja baada ya nyingine. Ilikuwa fupi sana kuliko ya Ibra, lakini haikutakiwa gari dogo, na hata kwa gari la foo-wili kama lile la binamu ilitakiwa mtu aijuaye.

Na mimi nilikuwa na sababu yangu, ambayo nilikuja nayo kutoka Tanga. Njia ile inapita Qalhat. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa, na kila mwalimu wa Historia wa Tanzania ameshasimama mbele ya darasa akalitaja jina hilo. Vitabu vyetu vya shule humwachia Kilwa. Lakini yeye aliendelea na safari. Kutoka Kilwa alipanda jahazi hadi Dhofar, kisha akafika Sur, na akiwa hapo akauona mji wa Qalhat kwa mbali akadhani ni karibu. Akaondoka kwa miguu na mwenzake mmoja, pamoja na mtu wa kuwaonyesha njia waliyemkodi, ambaye ndiye aliyebeba nguo zao. Njiani wakakuta mkono wa bahari unaojaa na kupwa. Yule mtu akataka wavuke pale pale. Ibn Battuta akashuku kwamba anawatakia kuzama ili abaki na nguo, akakataa, wakaenda kutafuta pengine. Alifika Qalhat miguu imevimba, damu karibu kutoka chini ya kucha. Nilikuwa nimeyasoma hayo nikiwa mwanafunzi, na tangu hapo nilitamani kusimama mahali pale. Niliijua hadithi nzima ya mtu aliyekataa kuvuka maji asiyoyajua, na siku ile haikunisaidia kitu.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, watu wanne: mimi, mke wangu mbele, Shangazi nyuma na mjukuu wake wa miaka saba.

Aliyezoea kuendesha kwetu, usukani ukiwa kulia na gari likipita kushoto, akikaa kwenye gari la Oman viungo vyake havimtii. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa ukienda kutafuta gia unagonga mlango. Nikitaka kuwasha indiketa, zinaanza waipa kukwangua kioo kikavu. Mzunguko wa barabara sisi tunauita kipilefti, na jina lenyewe linakuagiza ushike kushoto. Muscat ilijaa vipilefti, vyote vya kushika kulia. Kila tulipokaribia kimoja mke wangu alikuwa akisema kwa sauti ndogo, "Kulia, kulia, kulia," mpaka tutoke. Tulipopita Wadi Adai na kuingia njia ya Qurayyat, ikafunguka lami nzuri isiyo na watu, nikakanyaga mafuta. Kengele ikaanza kulia ndani ya gari. Magari ya nchi zile yalikuwa na kengele inayolia ukifika kilomita 120 kwa saa. Mtoto akacheka. Shangazi hakucheka. Nilimwona kwenye kioo, midomo inatembea, tasbihi mkononi.

Baada ya Qurayyat, nilipoacha njia ya lami, aliuliza mara moja tu: "Baba, hii ndiyo njia aliyokwambia mwenzio?"

Nikamjibu, "Hii ni fupi, Shangazi. Tutafika mapema."

Hakuuliza tena. Shangazi yangu alikuwa mtu wa kumwachia mtu neno lake.

Kipande cha milima kabla ya kushuka baharini ndicho kilichonitoa jasho la kwanza. Njia ilikuwa ya gari moja, mawe yanateleza chini ya tairi, na kwenye miteremko fulani bonde lilikuwa upande wa kulia. Mtu anayekaa kushoto ya gari, aliyezoea miaka yote kukaa kulia, hajui tairi la kulia liko wapi. Unaona boneti, huoni ukingo. Mke wangu alitoa kichwa dirishani akawa ananipimia: "Bado shubiri tatu. Bado mbili. Njoo kwangu… basi, basi, rudi kwako." Tulishuka hivyo, gia ya kwanza, kwa muda ambao nisingeweza kuukadiria. Tulipofika tambarare na bahari ikaonekana, nilisimamisha gari nikashindwa kufungua vidole kwenye usukani. Mke wangu alinifungua kimoja kimoja.

Karibu na Dibab tairi la nyuma likapasuliwa na jiwe. Jeki ilizama kwenye changarawe mara mbili, hadi tulipoweka chini yake jiwe bapa. Dakika arobaini zikaishia hapo. Shangazi akasema, "Sasa hatuna spea." Nikasema tumeshakaribia. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimepewa onyo la pili, na kutoka kwa mtu yule yule.

Qalhat tulifika saa saba mchana. Pamebaki mawe matupu kwenye mteremko juu ya bahari, na katikati yake jengo moja la mraba lililosimama, wenyewe wanaliita kaburi la Bibi Maryam. Ibn Battuta anamtaja Bibi Maryam kwamba ndiye aliyejenga msikiti mzuri wa mji ule. Wareno waliuteketeza mji mwaka 1508. Kuba la kaburi lilikuwa limebomoka nusu. Nilisogea nikaweka kiganja ukutani, nikayatambua mawe: matumbawe, yale yale ya magofu ya Tongoni, ambako nimepeleka wanafunzi wangu miaka mingi. Nilitetemeka kwa furaha, nasema kweli. Nilikuwa na kamera ya filamu. Nilipiga ukuta, nikapiga kuba, nikapiga mlango, nikashuka hadi kwenye birika za maji, nikapanda tena. Mke wangu na Shangazi walisali adhuhuri kivulini mwa kaburi, wakalisha mtoto, wakanisubiri. Nilichukua saa mbili.

Mke wangu ndiye aliyeniita. "Tazama kule."

Milima ya Hajar pale inasimama karibu mno na bahari, na vilele vyake vinapita mita 2,000. Juu yake lilikuwa limekaa wingu jeusi, zito, halitikisiki. Sisi tuliko jua lilikuwa linatuchoma shingo.

Sur ilikuwa mbele yetu, kilomita kama 20 tu. Shangazi akasema, "Twende Sur, baba. Wifi yangu ananisubiri. Tukichelewa tutalala." Lilikuwa neno la busara kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Nikalikataa. Nikasema hatuna spea, nikasema giza litatukuta, nikasema tuna ndege Jumamosi. Sababu ya kweli sikuisema. Tukilala Sur, itabidi tumpigie simu binamu, na atajua kwamba nilipita njia aliyonikataza. Nilitaka kurudisha gari usiku ule, kimya, kama vile hakuna kilichotokea. Kwa ajili ya aibu hiyo ndogo nikamnyima mama mtu mzima kumwona wifi yake, nikageuza gari kurudi nilikotoka, kuelekea kwenye wingu.

Msomaji wa hapa kwetu asiyeijua wadi atashangaa. Sisi mto wetu ukijaa, mara nyingi mvua inatunyeshea na sisi. Kule milima ni jiwe tupu, haina udongo wa kunywa maji wala miti ya kuyazuia. Mvua ikinyesha juu, kilomita nyingi kutoka ulipo, maji yote yanateremka kwa pamoja kwenye korongo moja. Wewe uliye chini huoni tone. Unachoona ni bonde la mawe makavu ambalo asubuhi ulilipita bila hata kupunguza mwendo.

Wadi Tiwi, ambayo asubuhi ilikuwa na kijito cha kulowesha kisigino, tuliikuta ina maji hadi nusu ya tairi. Nikaweka foo-wili, nikaingia, gari likatikisika, tukatoka ng'ambo. Mtoto akapiga makofi. Nikajiona dereva. Tukapita kijiji cha Tiwi, na mbele kidogo tu tukafika Wadi Shab.

Pale magari matatu yalikuwa yamesimama. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, upana kama wa uwanja wa mpira, na kwa macho yangu kina chake kilikuwa kile kile cha nyuma. Nikiwa nayatazama, pikapu moja ikatokea nyuma yetu, ikapita pembeni, ikaingia majini. Ikayumba, ikasukumwa kidogo kuelekea baharini, ikapanda ng'ambo ikaenda zake. Nami nikatia gia.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Shangazi alikuwa ameshuka, amemshika mjukuu wake kifundo cha mkono. Alitembea hadi kwenye jiwe kubwa kando ya njia, akakaa, akampakata mtoto.

"Mimi sivuki," akasema. "Ukitaka, nenda. Gari ni la mwanangu, nitamweleza. Huyu simpeleki."

Hakuwahi kusema nami hivyo, kabla wala baada. Nilitoa kichwa nikaanza kumbembeleza. Ndipo fimbo ikagonga boneti. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, kanzu imefungwa kiunoni, kilemba kimefifia rangi.

"Kijana, zima gari," akaniambia, kwa Kiswahili.

Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia. "Zima. Nakuona unataka kuvuka. Njoo hapa kwanza."

Nikazima, nikashuka. Akaokota jiwe jeupe la ukubwa wa ngumi, akaliweka pale maji yalipoishia, kavu kabisa. "Litazame hilo. Usinitazame mimi." Nikalitazama. Sikumaliza kuvuta pumzi kumi, maji yakalizunguka. Baada ya muda kidogo nikawa naona mgongo wake tu, halafu sikuliona.

Nikasema, na hadi leo naisikia sauti yangu, "Mbona wale wamepita?"

"Wamepita wao, maji yale yaliyokuwapo," akasema. "Maji yale yameshafika baharini. Haya ni mengine, na yanayokuja hujayaona."

Akawaashiria wenye magari yale matatu warudi nyuma, nasi tukarudi nyuma, juu kidogo, karibu na nyumba. Nusu saa haikutimia. Kwanza ilikuja harufu, ya udongo mbichi na majani yaliyosagwa. Kisha sauti, kama malori mengi yanamwaga mawe kwa wakati mmoja. Kisha ukuta wa maji ukatoka kwenye kona ya korongo, juu yake mitende mizima na mizizi yake, mapipa, uzio wa matawi, mbuzi mmoja aliyekuwa bado anapiga miguu. Mawe yalikuwa yakigongana chini ya maji na ardhi tuliyosimama ilitetemeka. Pale nilipokuwa nimesimamisha gari palikuwa mto. Lile jiwe alilokalia Shangazi halikuonekana.

Hakuna aliyesema neno. Mke wangu alikaa chini mchangani. Mimi nilimtazama mtoto, naye alikuwa akimtazama yule mbuzi hadi alipopotea baharini.

Haikupita muda, habari ikaja kwamba Wadi Tiwi nayo imejaa. Tulikuwa katikati ya wadi mbili, mbele hakupitiki, nyuma hakupitiki, jua linazama. Mzee akasema, "Basi leo nyinyi ni wageni wangu," akatangulia.

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili na ua. Mkewe alimpokea Shangazi na mke wangu upande wa ndani. Tulipewa tende na kahawa, baadaye wali na samaki wa kukaanga, ndimu na pilipili. Baada ya isha Shangazi akaja kukaa na mke wa mzee mlangoni, na mzee akaeleza Kiswahili chake kilikotoka. Alikuwa baharia wa majahazi ya Sur. Tangu kijana alikuwa akishuka na kaskazi, mwezi kama ule ule wa Desemba, wamepakia tende na samaki wa chumvi, wanapita Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja, wengine hadi Rufiji kukata boriti, kisha wanarudi na kusi. Boriti zilizoezekea nyumba ile aliyokuwa akiishi zilitoka Rufiji. Akanyanyua fimbo akazigonga moja moja juu ya kichwa changu, akayataja majahazi yaliyozileta.

Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanga. Akaniuliza kama Ngamiani bado kuna nyumba za vibaraza. Nikasema zipo. Akamgeukia Shangazi, wakaanza habari za Unguja: Malindi, Funguni, pwani ilivyokuwa ikijaa majahazi msimu wa kaskazi, mabaharia wakilala nje na watoto wakiwafuata kuomba tende. Shangazi alicheka, kicheko cha msichana ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani kwake. Halafu mzee akasema kwamba Januari ya mwaka 1964 alikuwa bandarini Unguja. Shangazi akanyamaza. Akasema, "Nami nilikuwapo." Mzee akaitikia kwa kichwa. Hawakuongeza neno, na mimi mwalimu wa Historia, niliyekuwa na maswali kifuani, niliona haya kuuliza.

Usiku ule sikulala. Wadi ilinguruma hadi karibu na alfajiri. Hatukuwa na simu, kijiji hakikuwa na njia ya kutoka, na nilijua kwamba Muscat kuna mtu ameshatoka hospitali, amekuta nyumba tupu, anasikia habari za mvua milimani, na anadhani mama yake yuko salama kwenye lami ya Ibra, au hadhani. Nilikaa uani nikamfikiria. Mzee alitoka kwenda kusali akanikuta pale. Akasema tu, "Maji yameshuka. Ya Tiwi yatapitika saa tatu. Nendeni Sur, msirudi huku."

Saa tatu alitembea mbele ya gari, miguu pekupeku ndani ya wadi, akipima kwa fimbo, akiniashiria kulia na kushoto hadi tulipotoka. Sikuweza kumwahi. Nilipopata pa kusimama ng'ambo nikageuka, alikuwa ameshaanza kurudi.

Sur tulifika kabla ya sala ya Ijumaa. Shangazi alikaa na wifi yake saa nne, wameshikana mikono. Nikampigia binamu kutoka pale, nikamwambia kila kitu kwa mpangilio wake, pamoja na ile sababu ambayo sikuisema Qalhat. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Mama amekula?" Tukarudi kwa njia ya Ibra, tukiwa na spea ya kuazima, tukafika saa nne usiku. Alikuwa amesimama getini. Alimshusha mama yake, akambeba mwanawe, akaniambia niingie nipumzike nina safari kesho.

Wifi wa Shangazi alifariki mwezi wa Machi uliofuata. Hawakuonana tena.

Nilirudi Oman mwaka 2018, mwaka ambao Qalhat iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Shangazi alikuwa ameshafariki, nilikwenda kuzuru kaburi lake. Mjukuu wake, mtoto yule wa miaka saba, sasa baba wa watoto wawili, alinipeleka Sur kwa barabara mpya ya pwani, njia mbili kwenda na mbili kurudi. Wadi Shab tuliivuka juu kabisa, kwenye daraja, kwa dakika moja. Kimbunga Gonu kilikuwa kimepita pwani ile Juni 2007 na kuua watu, na nyumba nyingi nilizozikumbuka sikuziona. Tukashuka kijijini kuuliza. Mzee alikuwa amefariki zamani. Mwanawe alitukaribisha kahawa. Jina la mzee silitaji hapa kwa kuwa sikuwaomba ruhusa. Mwana huyo alituuliza kama tuna picha yoyote ya baba yake, kwa sababu wao hawakuwa nayo.

Filamu ile ninayo bado, nimeisafisha na kuihifadhi. Ina picha 36. Kaburi la Bibi Maryam liko kwenye picha 31, za bahari ziko mbili, na tatu ni za mke wangu na Shangazi wakinisubiri kivulini. Ya mzee hakuna.